Sumu ya mishale ya Wasan: ni ya mdudu au ni ya mti?

#1 Baba Wawili

Wakuu, salaam.

Jana usiku kijana wangu wa darasa la sita alikuwa na kazi ya shule kuhusu wadudu. Nikaingia mtandaoni kumtafutia kitu cha tofauti, maana nyuki na mchwa kila mtoto anaandika. Nikakutana na mbawakawa wa majani anaitwa Diamphidia. Yuko Namibia, Botswana na maeneo ya jirani, na chakula chake ni majani ya miti ya Commiphora, jamii ileile inayotoa manemane. Buu lake ndilo Wasan, wawindaji wa jadi wa Kalahari, wanalolikamulia kwenye mishale. Twiga mzima anaanguka kwa vidudu ambavyo ukivipanga havijazi kiganja.

Kilichoninyima usingizi ni hiki. Nyama ya mnyama aliyepigwa huo mshale inaliwa na watu wote kambini na hakuna anayedhurika. Maana yake sumu inafanya kazi ikiingia kwenye damu. Tumboni inasagwa kama maharage. Sasa adui wa buu ni nani? Ndege, mjusi, nguchiro. Wote hao wanameza, hakuna hata mmoja anayekuja na sindano. Sumu isiyomdhuru anayekula ni ya kazi gani?

Halafu anaitoa wapi? Kwenye mti, au anaitengeneza mwenyewe?

Kijana kaniambia "baba si ukaulize wenzako kule", ndio nimekuja.

#2 Siti ya Nyuma

Nimevuta kiti. Ngoja waje wajuzi.

#3 Mkata Mzizi

Buu liue twiga? Hii ni chai, tena ya tangawizi. Weka picha.

#4 Afisa Ugani Mstaafu

Mkata Mzizi, si chai. Nimesomea wadudu wa mimea, ingawa maisha yangu yote nimehangaika na viwavi wa mahindi na sio hawa. Nieleze ninachokijua kwa mpangilio, maana mleta uzi kabana mambo mengi kwenye sentensi mbili.

Huyu ni wa familia ya Chrysomelidae, mbawakawa wanaokula majani. Mkubwa wake ana urefu wa kama sentimita moja hivi, na yuko kwenye kundi la wale wenye mapaja ya nyuma manene ya kurukia. Jike anataga mayai kwenye vijiti vya mti halafu anayafunika kwa kinyesi chake. Kinyesi kikikauka kinakuwa gamba gumu. Mabuu yakitoka yanakula majani huku yamejipaka kinyesi mgongoni, ukiyaona unadhani mavi ya ndege yanatembea. Yakishiba yanateremka chini, yanachimba mchangani, wakati mwingine karibu mita nzima, na kila moja linajijengea kifukofuko cha chembe za mchanga. Humo linakaa bila kuwa bundo (hatua ya kabla ya kuwa mbawakawa kamili) kwa muda mrefu sana, hata miaka, likisubiri msimu unaolifaa.

Wawindaji wanachimba hapo. Wanajua ni mti upi una mali na upi hauna. Wanapasua kifukofuko, wanatoa buu, wanalivingirisha taratibu kati ya vidole mpaka nyama ya ndani inakuwa uji na ngozi haijapasuka. Ndipo wanalitoboa na kudondoshea majimaji kwenye mshale. Mshale mmoja unaweza kula mabuu kadhaa, wengine wanafika kumi.

Kuhusu sumu yenyewe, ni protini, inaitwa diamfotoksini. Inalegeza ngozi za seli, chumvi zinapita ovyo, seli nyekundu za damu zinapasuka. Himoglobini, ile inayobeba hewa kwenye damu, inaweza kupungua kwa hadi asilimia 75. Mnyama anaishiwa nguvu, anapooza, anakufa.

Na kwa kuwa ni protini, jibu la swali la pili ni rahisi: anaitengeneza mwenyewe. Ni vigumu mti umpe mdudu protini ipite tumboni mwake ibaki nzima.

#5 Mkata Mzizi

Mzee shikamoo. Nafuta kauli, chai yangu naenda kuinywa mwenyewe.

#6 Dereva wa Eyasi

Wakuu, hiyo ya mdudu mbona hata hapa kwetu ipo. Mimi napeleka wageni kwa Wahadzabe, wanapaka sumu hiyohiyo kwenye mishale, nimeiona kwa macho, nyeusi kama lami.

#7 Mwalimu wa Zamu

Dereva, hapana. Umeiona nyeusi ni kweli, ila hiyo ni ya mmea. Wahadzabe wana mbili: panjube, inayochemshwa kutoka kwenye utomvu wa Adenium, ule mti mnene wenye maua ya waridi kwenye miamba, na shanjo, inayotoka kwenye mbegu za Strophanthus. Zote zinashambulia moyo. Hakuna mdudu humo. Waulize tena ukienda, wala hawafichi.

#8 Dereva wa Eyasi

Mwalimu, nimeelewa. Miaka kumi na moja nawaambia Wazungu ni mdudu. Mungu anisamehe.

#9 Siti ya Nyuma

😂😂😂 Na bahshishi ulipokea.

#10 Mutinda wa Kitui

Niongeze hapo kwa Mwalimu. Kwetu Ukambani sumu ya mshale ni ya mti pia, Acokanthera, Waswahili wanauita msunguti. Babu yangu alikuwa na podo lake juu ya dari na sisi watoto tulikuwa tunapigwa hata kwa kuliangalia sana. Namna ya kupima kama sumu iko sawa: unajikwaruza kidogo mguuni, damu inateremka mstari mwembamba, unagusa sumu pale chini mwisho wa mstari. Damu inageuka nyeusi na weusi unapanda. Lazima upanguse kabla haujafika kwenye kidonda. Babu alinionyesha mara moja tu, na nakumbuka kidole chake kilivyokaa tayari juu ya kidonda kama mtu anayesubiri kuzima taa.

Sumu hiyo inaua haraka. Hii ya Wasan nasikia ni polepole, au sivyo? Maana mimi kama mwindaji ningechagua ya haraka.

#11 Afisa Ugani Mstaafu

Ni polepole kweli, Mutinda. Mnyama mdogo anaweza kuanguka siku hiyohiyo; mkubwa kama twiga wanamfuata kwa nyayo siku kadhaa. Ndiyo maana ujuzi wa kusoma nyayo kwa Wasan ni nusu ya silaha yenyewe.

#12 Binti Makumbusho

Habari za humu. Mmoja hapo juu kasema wanadondoshea "kwenye mshale", wengine mtaelewa ni kwenye ncha. Ncha haipakwi. Mshale wao una vipande vinavyochomekana: kigumba, kijiti kifupi cha kuungia, halafu uti wa tete. Sumu inakaa nyuma ya kigumba, kwenye shingo yake iliyofungwa kwa kano. Ukijichoma kwa bahati mbaya na ncha, unapona. Mnyama akipigwa, uti unachomoka na kuanguka, kile cha mbele kinabaki mwilini na sumu yake. Hata akijikuna kwenye mti hakitoki.

Vigumba vyenyewe siku hizi vingi ni waya wa uzio uliopondwa.

#13 Baba Wawili

Asanteni sana, hasa Mzee na Binti. Lakini naona swali langu la kwanza limerukwa kiaina. Kazi ya sumu kwa MDUDU ni nini?

#14 Bi Shuu wa Ng'ambo

Jamani mie si msomi wa wadudu ila manemane naijua. Bibi yangu alikuwa akituwekea kwenye vidonda, na kinywani ukiwa na ufizi. Chungu! Kitu kinachozuia kidonda kuoza si kitu cha mchezo. Sasa mdudu anashinda kula majani ya mti wa namna hiyo tangu anatoka kwenye yai, mniambie hana kitu cha mti mwilini mwake? Mbuzi akila majani machungu hata maziwa yananuka.

Kwa hiyo mie nasema ni mti. Mzee, protini yako sijaipinga, lakini kuna kitu cha mti kinachoisaidia.

#15 Kemia ya Jikoni

Bi Shuu hajakosea kama mnavyodhani.

Wale mbawakawa wana ndugu zao Marekani, Blepharida. Kule Meksiko wanaishi kwenye miti ya Bursera, ambayo ni ndugu wa manemane na ubani. Ukiukata jani, mti unarusha utomvu kwa kishindo, mchirizi mwembamba unaoweza kuruka zaidi ya mita moja. Mdudu mdogo akipigwa na huo utomvu ananasa. Mtafiti anaitwa Judith Becerra amewafuatilia miaka mingi. Buu la Blepharida kabla halijala linaanza na mshipa mkuu wa jani: linautafuna pole pole mpaka shinikizo linaisha, utomvu unatoka bila kishindo, ndipo linakula. Fundi bomba kabisa, anafunga koki kwanza.

Na kuna Blepharida wengine huko, wa kwenye miti ya Rhus. Kinyesi wanachobeba mgongoni kimepimwa na kukutwa na kemikali zilizotoka kwenye mti wenyewe, na kinafukuza sisimizi. Hiyo ndiyo ngao. Kwa hiyo silaha ya mti ipo, ila iko NJE, mgongoni. Ya kwenye damu ni habari nyingine, hapo niko na Mzee.

#16 Bi Shuu wa Ng'ambo

Si umeona? Nusu yangu.

#17 Mkorosho wa Newala

Mmesahau mti wa pili. Kuna mbawakawa mwingine wa ukoo huohuo, Polyclada, huyo anaishi kwenye mng'ongo, na yeye pia anatumika kwenye mishale kule kusini. Sasa mng'ongo ni jamii moja na mwembe na mkorosho. Na familia ya mkorosho na familia ya manemane ni ndugu wa karibu kwenye miti.

Mimi nimekulia kwenye korosho. Mafuta ya ganda yakikugusa ngozi inababuka, nina alama mkononi tangu darasa la nne, tulikuwa tunachoma korosho kwenye debe lililotobolewa na moja ikapasuka. Mnaona mfululizo huo? Wadudu wawili wenye sumu, miti miwili tofauti, lakini miti hiyo ni ndugu na yote ina utomvu mkali. Hiyo si bahati mbaya. Ni mti.

#18 Afisa Ugani Mstaafu

Mkorosho, hoja nzuri, lakini igeuze uone. Wadudu hao wawili nao ni ndugu wa karibu. Wanaweza kuwa wamerithi sumu kwa babu yao mmoja na kurithi pia kupenda miti ya aina hiyo. Ukikuta ndugu wawili wote warefu na wote wanapenda dagaa, usiseme dagaa ndiyo imewarefusha.

Ushahidi wangu mwingine: mbawakawa wa viazi wa Marekani, Leptinotarsa. Naye ni wa familia hii ya wala majani. Mwaka 1969 Hsiao na Fraenkel waliandika kwamba damu yake ina protini yenye sumu. Huyo anakula viazi. Hajawahi kuuona mti wa manemane. Sasa mti umeingiaje?

#19 Mkorosho wa Newala

Majani ya kiazi nayo yana sumu mzee wangu 😀

#20 Afisa Ugani Mstaafu

Sumu ya aina nyingine kabisa! Si protini!

#21 Siti ya Nyuma

Mzee kaweka alama za mshangao. Mambo yamenoga.

#22 Daktari wa Mifugo Simanjiro

Mimi nina njia ya tatu ambayo hamjaigusa. Mnamjua mdudu wa Nairobi flai? Yule mwembamba, mwekundu na mweusi, anayekuja kwenye taa wakati wa mvua. Naye ni mbawakawa, ingawa hafanani. Mwaka juzi nimelala kambini, usiku nikahisi kitu shingoni, nikakisugua bila kufikiri. Asubuhi nikaamka na mstari mwekundu kama nimechapwa fimbo kutoka sikioni hadi kwenye kola. Siku ya pili malengelenge. Na kibaya zaidi, nililalia upande ule, nikapata alama ya pili kama muhuri mahali shingo ilipokunjika.

Sumu ile inaitwa pederini. Kwa muda mrefu watu walijua ni ya mdudu. Mwaka 2002 ikaonekana kwamba vinasaba vya kuitengeneza si vya mdudu, ni vya bakteria wanaoishi ndani yake. Mdudu ni nyumba tu, mwenye mali ni mpangaji.

Kwa hiyo mkisema "mdudu au mti" mmeacha mlango wa tatu wazi. Buu linakaa ardhini miaka bila kula. Nani anajua lina wapangaji gani?

#23 Kemia ya Jikoni

Hapo daktari umenishika. Ila pederini ni molekuli ndogo, bakteria wanazitengeneza sana hizo. Diamfotoksini ni protini kubwa. Haizuii hoja yako, inaipunguzia tu kasi.

#24 Mutinda wa Kitui

Na kuna njia ya nne ya kuchekesha. Ule msunguti wetu, kuna panya fulani mwenye manyoya marefu, ukimtisha anasimamisha manyoya ubavuni kama kinungunungu. Mwaka 2012 Kingdon na wenzake waliandika kwamba anatafuna gome la msunguti halafu anajipaka mate yake yenye sumu kwenye manyoya maalum ya ubavuni. Mbwa akimng'ata anaweza kufa. Anaazima sumu ya mti kama sisi tulivyoazima. Babu angemwelewa kabisa.

Najua ni panya na sio mdudu, msinishambulie.

#25 Binti Makumbusho

Hatukushambulii, umetupa mfano mzuri. Lakini angalia: panya anaazima sumu ya kumdhuru anayeMNG'ATA, na inafanya kazi. Tunarudi kwa Baba Wawili. Ya Diamphidia inamdhuru nani?

Nitaje mtu mmoja anayeharibu nadharia zote. Kuna mbawakawa mwingine, Lebistina, wa familia ya wawindaji wanaokimbia ardhini. Buu lake linajishika kwenye buu la Diamphidia, linashuka nalo mchangani, linafungiwa nalo ndani ya kifukofuko, halafu linalila humo ndani taratibu. Halifi. Mwishoni ukifungua kifukofuko unamkuta mgeni, mwenye nyumba ameshaliwa. Wasan wanawatofautisha vizuri, na huyo mgeni naye wanamtumia kwenye mishale.

Kwa hiyo sumu haimzuii hata adui anayemla akiwa hai.

#26 Baba Wawili

Subiri. Yaani mla sumu naye anakuwa sumu? Basi Lebistina ndiye anayeazima, kama panya wa Mutinda?

#27 Binti Makumbusho

Au ana ya kwake. Au kabakiwa na uji wa mwenzake tumboni. Yote matatu yanawezekana.

#28 Mkata Mzizi

Mimi naona mnazidisha ugumu. Sumu si ya kumzuia anayemeza. Ni ya siafu na wadudu wenzake. Wao hawamezi mzima, wanauma, wanachana ngozi, wanaingiza taya. Damu ya buu ikigusana na majimaji ya mwili wao, kwisha.

#29 Kemia ya Jikoni

Mkata Mzizi anazungumza sayansi sasa, tangawizi imemkaa vizuri. Ila damu ya mdudu haina seli nyekundu za kupasua.

#30 Afisa Ugani Mstaafu

Haina seli nyekundu, lakini ina seli. Na sumu hii haichagui seli nyekundu peke yake, inatoboa ngozi za seli kwa jumla. Mimi nilikuwa na wazo lingine: ukungu na vijidudu vya udongoni. Jiweke mahali pa buu. Umefukiwa mchangani miaka, huli, huendi, huna hata nguvu ya kujikuna. Atakayekumaliza si ndege, ni kuoza. Mwili uliojaa kitu kinachotoboa seli za kila anayejaribu kukuotea ni kama nyama iliyotiwa chumvi. Kwamba inamwangusha twiga ni ajali kwa twiga.

Lakini sijaona mtu aliyelipima hilo, ni wazo la mzee aliyestaafu.

#31 Bi Shuu wa Ng'ambo

Nyama iliyotiwa chumvi... si ndiyo kazi ya manemane hiyo! Maiti walikuwa wakihifadhiwa nayo tangu enzi za Misri. Robo tatu yangu sasa.

#32 Siti ya Nyuma

Bi Shuu anajumlisha tu 😂

#33 Mwalimu wa Zamu

Nirekebishe kitu kwenye bandiko #1, kijana asije akaandika makosa. Nyama kuwa salama HAIMAANISHI mdudu mwenyewe ukimla mzima huna tatizo. Kwenye nyama, sumu ya mabuu machache imesambaa kwenye kilo mia kadhaa, halafu sehemu ya jeraha inakatwa na kutupwa, halafu inapikwa. Kumla buu bichi na kinywani una kidonda au ufizi unaotoka damu ni habari nyingine kabisa. Ndege ana kilo ngapi? Huenda ndege wanaumia, hatujamuuliza hata mmoja.

#34 Baba Wawili

Mwalimu, nimepokea. Nimemsomea kijana, kasema "kwa hiyo baba swali lako lilikuwa na tundu". Ndiyo malezi ya siku hizi.

#35 Msafara wa Kusini

Nimefika mwisho wa uzi, sijui kama bado mko macho. Nimekaa Namibia miaka minne kwa kazi ya barabara. Nitaeleza nilichokiona upande wa Tsumkwe, kwenye hifadhi ya jamii ya Nyae Nyae. Ilianzishwa 1998 na wenyeji wanaruhusiwa kuwinda humo kwa silaha zao za jadi.

Mzee mmoja alitupeleka kwenye kichaka ambacho mimi ningekipita mara mia. Mti wenyewe mfupi, gome linamenyuka kama karatasi, hauna hata kivuli cha kuku. Akapiga goti, akachimba kwa kijiti bila haraka. Mkono uliingia hadi begani. Akatoa vitu kama karanga zilizoganda udongo, akavitingisha kila kimoja sikioni. Vingine akavirudisha shimoni na kuvifukia. Nilipouliza kwa mkalimani kwa nini anarudisha, jibu lilikuwa moja tu: hivyo ni vya mwakani.

Alipopasua kimoja, buu lilikuwa la rangi ya siagi, limejikunja, halina dalili yoyote ya ubaya. Kabla ya kuligusa alijitazama vidole vyote kumi, mbele na nyuma, akitafuta mkwaruzo. Kijana wake alikuwa na kidonda cha miba kwenye kidole gumba, akaambiwa akae mbali. Hilo ndilo lililonitisha kuliko maelezo yote.

Nilimuuliza nani aligundua. Alicheka.

#36 Mutinda wa Kitui

Bandiko la mwaka hili. Asante Msafara.

Hilo la kugundua nalo linanisumbua. Msunguti unaeleweka, ukilamba kitawi utajua mara moja kuna shida. Lakini kuchimba mita nzima, kupata buu lililolala, kulikamua, kulipaka, kurusha, halafu kumfuata mnyama siku tatu ndipo uone matokeo? Nani alianza?

#37 Dereva wa Eyasi

Mtu alikuwa anachimba mizizi ya kula, ana kidonda mkononi, akakamua buu kwa bahati mbaya. Waliobaki wakajifunza.

#38 Mkorosho wa Newala

Au walianza na yale ya juu kwenye majani, hayahitaji kuchimbwa. Wakayafuata chini baadaye walipoona yametoweka kwenye mti na msimu bado wa kuwinda.

#39 Mwalimu wa Zamu

Msisahau watoto. Watoto ndio wanaokamua kila mdudu wanayemwona.

Kwa kumbukumbu tu, Livingstone alishaandika mwaka 1857 kuhusu sumu ya mishale ya Wasan inayotokana na kiwavi mdogo anayeitwa N'gwa. Kwa hiyo habari ilikuwa imeshasikika nje muda mrefu kabla ya maabara.

#40 Mkata Mzizi

Kwa hiyo Livingstone ndiye aliyegundua? 😏

#41 Mwalimu wa Zamu

Naye alionyeshwa na wenyewe, kama alivyoonyeshwa maporomoko. Usinichokoze.

#42 Binti Makumbusho

Tunaongea kana kwamba watu hawa wako huru kuchimba wanapotaka. Wahai||om, ambao ni Wasan wa Namibia, walitolewa kwenye hifadhi ya Etosha mwaka 1954. Botswana ilipiga marufuku uwindaji mwaka 2014, ikaja kuondoa 2019, na miaka hiyo kijana wa miaka kumi na tano alikuwa umri hasa wa kufundishwa mti gani una mali. Mzee wa Msafara anafukia vya mwakani. Atakayevifukua awe anaruhusiwa kufika.

#43 Daktari wa Mifugo Simanjiro

Kweli kabisa dada.

Nirudi kwa wadudu. Kuna mtu wa Dodoma humu? Miti ya Commiphora tunayo tele, kwa Kiswahili wengine wanaiita mbambara, wengine mponda. Kuna aliyewahi kuchimba chini yake?

#44 Mzee wa Kondoa

Nipo, nimesoma kimya tangu jana. Mbambara ninao uani, tumepanda uzio, ukichomeka kijiti kinaota. Kila mvua majani yanatobolewa tobolewa, sijawahi kujali ni nani anatoboa. Jumamosi nachimba.

#45 Afisa Ugani Mstaafu

Ndugu yangu, vaa glovu. Na usitegemee kupata huyohuyo wa Kalahari, mti mmoja unaliwa na wadudu wengi.

#46 Siti ya Nyuma

Uzi umepata mtaalamu wa jembe. Nasubiri Jumamosi.

#47 Mzee wa Kondoa

Wakuu, nimechimba. Kwetu udongo ni mgumu, sikufika mita, kama mkono na nusu hivi. Nimepata vitatu, vya udongo, ukubwa wa karanga kama alivyosema Msafara. Cha kwanza kina tundu pembeni, kitupu. Cha pili nimekipasua: ndani kuna buu jeupe limejikunja, kichwa cha rangi ya chai. Picha nimeweka, samahani simu yangu inaona ukungu.

#48 Kemia ya Jikoni

Miguu sita mbele naihesabu. Umbo linaendana.

#49 Afisa Ugani Mstaafu

Mimi naona ni buu la mbawakawa wa kawaida wa mbolea. Limejikunja kama herufi C, mkia mnene. Hao hawana uhusiano.

#50 Binti Makumbusho

Wa mbolea hawafuati mbambara, mzee. Na mkia kwenye picha hii sioni, naona kivuli cha kidole.

#51 Bi Shuu wa Ng'ambo

Lina harufu ya manemane? Linuse.

#52 Mwalimu wa Zamu

ASILINUSE.

#53 Baba Wawili

Mzee wa Kondoa, na kile cha tatu umekifanyaje? Kijana anauliza kama kinaweza kusubiriwa mpaka atoke mkubwa wake, ndipo atajulikana ni nani.

#54 Mzee wa Kondoa

Ndivyo nilivyofanya. Kipo kwenye kopo la majani ya chai, nimetia mchanga na kutoboa kifuniko, nimeweka kabatini. Mke wangu kauliza kuna nini humo, nimemwambia mbegu.

#55 Mkata Mzizi

Mzee, mwambie ukweli leoleo. Kwenye uzi huu chai imeshatajwa sana, isije ikawa kweli.